Kazi ya Ankete ni Ushahidi: Somo kwa Mwanafunzi Anayeajiriwa katika Utafiti

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila taasisi inapoanzisha uchunguzi mpya, habari huenea upesi katika kampasi za Mutanga, Kamenge na Kiriri: kuna ankete, wanatafuta wanafunzi. Aliyeko Bachelor anaomba awe mdadisi wa kupita nyumba kwa nyumba. Aliyeko Master anaomba awe kiongozi wa timu, au akae kwenye kompyuta kusafisha data. Wengine wanaingia maabara, na wengine wanaajiriwa na mwalimu wao kuandika kwa maneno mahojiano yaliyorekodiwa.

Wengi wetu tunaichukua kazi hii kama njia ya kupata faranga za kodi ya chumba na gharama za tasnifu. Kutafuta riziki ya halali ni jambo jema. Lakini kazi hii ina uzito ambao tangazo lake halitaji. Kila jibu unaloliandika ni ushahidi unaoutoa juu ya mtu ambaye hatakuwepo siku takwimu zitakaposomwa. Hilo ndilo somo letu la leo.

1. Sifa mbili za anayeajiriwa

Katika Surat al-Qasas, aya ya 26, Qur'ani inatusimulia habari za Nabii Musa (A.S) alipofika Madyan na kuwanywesheza maji wanyama wa mabinti wawili. Mmoja wao alimshauri baba yake amwajiri, akieleza kwamba mtu bora wa kumwajiri ni mwenye nguvu na mwaminifu. Wanazuoni wamelichukua neno hilo kuwa kipimo cha kila ajira: uwezo wa kuifanya kazi, na amana ndani ya kazi.

Angalia kwamba sifa hizo ni mbili. Tusidhani kwamba mtu akiwa mcha Mungu basi inatosha. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Abu Dharr (R.A), sahaba mkweli asiyetiliwa shaka, alipoomba apewe uongozi, Mtume (S.A.W) alimweleza kwamba yeye ni dhaifu kwa jambo hilo na kwamba uongozi ni amana. Uaminifu wake haukuziba pengo la uwezo.

Basi katika utafiti nguvu ni nini? Ni kulielewa dodoso swali kwa swali. Madodoso mengi nchini kwetu huandikwa kwanza kwa Kifaransa, kisha mahojiano hufanyika kwa Kirundi. Asiyeweza kulivusha swali kutoka lugha moja hadi nyingine bila kugeuza maana, hana nguvu hiyo bado. Ni kujua kutumia programu za kukusanyia data kwenye tableti, kama KoboToolbox au CSPro, na kwa walioko Master, kuchambua kwa Stata, SPSS au R. Ni kuweza pia kutembea kilima hadi kilima ukafika kwenye kaya ya mwisho ukiwa bado na subira ya kumsikiliza bibi mzee.

Hapa sisi tuliokulia Buyenzi au Rumonge tuna mtaji tusiouthamini. Kiswahili chetu kinahitajika katika uchunguzi unaofanywa kwa wakimbizi kutoka Kongo, walioko mjini na walioko katika kambi kama Kavumu, Bwagiriza na Musasa. Kiandike katika wasifu wako kama ujuzi, pamoja na Kirundi na Kifaransa. Na dada zetu wajue kwamba katika uchunguzi mkubwa wa afya, maswali ya uzazi huulizwa na wadadisi wanawake. Nafasi hiyo ni yao. Kuhusu safari na malazi, waulize mapema timu italala wapi na akina nani, na wamwulize sheikh wanayemwamini, kabla ya kusaini na si baada yake.

2. Kijana aliyepewa kazi nzito kuliko mlima

Mfano wa kijana kupewa kazi ya kukusanya na kuhakiki habari tunao katika historia yetu wenyewe. Baada ya vita vya Yamama, ambavyo wahifadhi wengi wa Qur'ani waliuawa, Khalifa Abu Bakr (R.A) alimwita Zayd bin Thabit (R.A), kijana wa miaka ishirini na kitu. Katika simulizi iliyomo kwenye Sahih al-Bukhari, Abu Bakr alitaja sababu za kumchagua: ni kijana, ana akili, hatuhumiwi kwa lolote, na tayari alikuwa akimwandikia Mtume wahyi. Kwa maneno mengine aliangalia nguvu, uwezo, uaminifu na uzoefu. Hakutaja ukoo wake.

Zayd naye hakufurahia tu kuchaguliwa. Alisema kwamba lau angeamriwa kuhamisha mlima, isingekuwa nzito kwake kuliko kazi hiyo. Kisha akaanza kukusanya kutoka kwenye makuti, mawe na vifua vya watu. Yeye mwenyewe alikuwa amehifadhi, lakini hakujitosheleza na kumbukumbu yake. Imepokewa kwamba waliokuja na maandishi walitakiwa walete na mashahidi wawili.

Bila shaka hakuna dodoso linalolingana na Kitabu cha Allah. Tunachojifunza ni adabu ya kazi: anayejua jibu bado anauliza, na anayeuliza bado anahakiki. Mdadisi anayesema "watu wa kilima hiki nawajua, najua watajibu nini" ameshaiacha njia ya Zayd.

3. Takwimu inazaliwa mlangoni

Tuchukue mfano wa hapa nyumbani. Uchunguzi wa Taifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba asilimia 58 ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao. Ule wa 2016–2017, uliofika kwenye kaya karibu elfu 16, ukaonyesha asilimia 56. Takwimu hizo zimetajwa katika mipango ya lishe, katika bajeti za wafadhili, na katika tasnifu nyingi za chuo chetu.

Sasa jiulize namba hiyo ilitoka wapi. Ilitoka kwa vijana waliomlaza mtoto juu ya ubao wa kupimia au kumsimamisha, wakasoma sentimita, wakamwuliza mama tarehe ya kuzaliwa, wakaandika. Ukikosea umri kwa miezi sita, mtoto aliyedumaa ataonekana mzima, na mzima ataonekana amedumaa. Hakuna profesa wala kompyuta itakayojua baadaye.

Wataalamu wa takwimu wanazijua njia za udanganyifu, nasi tuzijue ili tuziepuke. Ya kwanza ni kujaza dodoso chini ya mti bila kufika kwenye nyumba. Ya pili ni kubadilisha kaya: iliyochaguliwa iko mbali au mlango umefungwa, basi mdadisi anaingia kwa jirani. Ya tatu ni ya kijanja zaidi. Kwa kuwa watoto wa chini ya miaka mitano wana maswali mengi, mdadisi aliyechoka anamwandika wa miaka minne kuwa ana sita, na kurasa nzima zinaruka. Ya nne ni kukadiria umri wa watu wazima kwa namba zinazoishia na sifuri au tano bila kujaribu kuutafuta kwa kulinganisha na matukio.

Mtu anaweza kusema: nani ameumia? Jibu ni kwamba mama yule wa kilimani amenyimwa sauti yake, na mahali pake imewekwa sauti ya uongo. Qur'ani imetutaka tusimame imara katika uadilifu tukitoa ushahidi kwa ajili ya Allah hata dhidi ya nafsi zetu (an-Nisaa, 135), na imetukataza kufuata tusiyo na ujuzi nayo, kwani masikio, macho na moyo vitaulizwa (al-Israa, 36). Mdadisi anatumia vyote vitatu kazini.

Ndiyo maana msimamizi hurudi kwenye baadhi ya nyumba kuuliza upya, na tableti huweza kuandika saa ya kuanza, saa ya kumaliza na mahali ulipokuwa. Usiuone ukaguzi huo kama dharau. Mtume (S.A.W) alipopita sokoni aliingiza mkono ndani ya lundo la chakula, akakuta unyevu chini yake, akasema kwamba anayedanganya si katika sisi. Mkono wa msimamizi unaingia kwenye lundo lako. Fanya kazi ambayo chini yake ni kama juu yake.

4. Adabu ya mlango

Surat an-Nur, aya ya 27 na 28, inatufundisha tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe, na tukiambiwa turudi, turudi. Watafiti wa leo wana sharti linalofanana na hilo: mwenye nyumba aelezwe uchunguzi ni wa nani na wa nini, akubali kwa hiari, na akikataa aachwe bila kulazimishwa wala kutishwa. Kufuatana na mkuu wa kilima kusigeuke kuwa vitisho. Usimwahidi mtu msaada ambao mradi hauna, eti ili akubali kujibu.

Na ulichokisikia ndani kibaki kwenye dodoso. Maradhi ya mtu, mimba iliyoharibika, ugomvi wa mume na mke, deni la familia: si habari za kusimuliana kwenye basi wakati wa kurudi, wala picha za kutumiana kwenye WhatsApp. Siri hizo ni amana, na Surat al-Hujurat, aya ya 12, imekataza kupekua na kusengenya.

5. Haki ya anayefanya kazi

Somo lisiwe la upande mmoja. Katika aya ya 27 ya al-Qasas, mkataba wa Musa ulitaja muda kwa uwazi: miaka minane, na akitimiza kumi ni hisani yake. Ikatajwa pia atakachopata, na mwajiri akasema hataki kumtia uzito. Basi nawe kabla ya kusaini uliza:

– Mwajiri ni nani hasa: chuo, wizara, mradi au mtu binafsi? Kibali cha utafiti kipo?
– Malipo ni kwa siku au kwa dodoso? Malipo kwa dodoso yanamvuta mtu kukimbilia idadi.
– Siku za mafunzo zinalipwa?
– Nauli, chakula, malazi na matibabu ni juu ya nani?
– Fedha ya mwisho italipwa lini, na kwa njia gani?
– Je, naweza kuomba kutumia data hizi katika tasnifu yangu? Mchango wangu utatajwa?

Yaandikwe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, al-Baqara 282, inahusu kuandikiana na kuweka mashahidi. Anayeomba karatasi hajamtukana mwajiri wake.

Kwa walimu, na kwa wanafunzi wa Master wanaopewa jukumu la kutafuta vijana: Imepokewa na al-Bukhari kwamba Allah atakuwa mgomvi, Siku ya Kiyama, wa mtu aliyeajiri mfanyakazi, akapata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira. Na katika hadithi nyingine, kukabidhi jambo kwa wasiostahiki ni alama ya amana kupotea. Orodha ikijazwa binamu na marafiki wasioweza kazi, kwanza anadhulumiwa kijana aliyestahiki, kisha inadhulumiwa nchi nzima kwa data mbovu. Tangazo libandikwe waziwazi, jaribio liwe moja kwa wote, na Mwislamu asipendelewe kwa Uislamu wake wala asinyimwe kwa huo Uislamu.

Na mdadisi asichukue zawadi zinazokuja kwa sababu ya kazi. Mtume (S.A.W) alimkemea mkusanyaji wa zaka aliyedai kwamba sehemu fulani ya mali amepewa kama zawadi, akauliza: kama angekaa nyumbani kwa wazazi wake, zawadi hiyo ingemfikia?

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Umefika kwenye kaya ya mwisho, mvua inanyesha, gari linakungoja, na kiongozi wa timu anakwambia "jaza tu". Utamjibu vipi kwa adabu, na utaandika nini?
2. Rafiki yako anakuomba umpitishe kwenye orodha, lakini Kirundi chake ni dhaifu na mahojiano ni ya Kirundi. Haki yake kwako ni ipi?
3. Ni ujuzi gani mmoja utaujifunza kabla ya uchunguzi ujao, ili uwe na sifa zote mbili?

Tunamuomba Allah atufungulie riziki za halali, atupe nguvu katika kazi na uaminifu ndani yake, na ajaalie kila tunachokiandika kiwe hoja kwa ajili yetu, wala kisiwe hoja dhidi yetu. Amin.