SOMO: Kuuzia nganda za kando ya ziwa



Siku ya posho na siku ya yenga, familia nyingi za Goma hushuka kando ya Ziwa Kivu. Baba anaagiza Primus, mama kahawa, watoto maji ya marakuja. Halafu sahani inafika: sambaza za kukaanga na ndimu na pilipili, viazi, ndizi, kachumbari, pengine jibini ya Masisi. Tujiulize: katika sahani ile, nini kimetoka kwetu?

Karibu vyote vinaweza kutoka kwetu. Goma imejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo, mashamba mjini ni machache. Kabichi na viazi hutoka Kibumba, maziwa na jibini Masisi, mazao mengine hufika kwa boti kutoka Minova. Hata sambaza ililetwa: samaki huyu alitoka Ziwa Tanganyika mwaka wa 1959, na leo wavuvi humtega usiku kwa taa.

Mwenye nganda anataka nini?

1. Siku isipite. Mgeni akikosa sambaza leo, kesho anaenda kwingine. Tuahidi kidogo tunachoweza kuleta kila wiki, kuliko kingi cha mara moja.

2. Kuchagua nyumbani. Tuseme tunapeleka kabichi 30 kwa 1.500 F kila moja, na usafiri ni 6.000 F. Zote zikipokelewa, tunabaki na 39.000 F. Zikirudishwa 6 zilizooza, tunabaki na 30.000 F. Kama kijijini kabichi ni 1.000 F, hizo 30 zingetupa 30.000 F palepale, bila safari. Kabichi 6 zimekula faida yote!

3. Usafi. Tusioshee mboga za kachumbari kwenye maji ya ziwa. Kipindupindu kinapita humo, na watoto ndio huumia haraka. Tutumie maji yaliyotiwa klorini, na vyombo safi vyenye kifuniko. Sambaza zifike asubuhi, zikiwa kwenye kivuli. Jua likiwaka zinaharibika upesi.

4. Boni na deni. Kila mzigo uwe na boni mbili zenye kilo, bei na sahihi: moja yake, moja yetu. Deni lisipite mzigo mmoja. Mzigo wa pili haujalipwa? Wa tatu usishuke kwenye gari. Kusema hivyo kwa heshima si ugomvi, ni kulinda jasho la wanachama.

Tuanze na nganda moja au mbili. Tumtume mtu mmoja tu kuzungumza bei, maana tukienda kila mtu kivyake, tutashushiana bei wenyewe.

Maswali ya kujadili kwenye mkutano:
– Ni zao gani tunaweza kupeleka kila wiki, hata kiangazi?
– Nani atachagua na kupima mzigo kabla haujaondoka?
– Barabara ikifungwa, tutamjulisha mteja namna gani?