SOMO KWA WANANCHI: MUDA WA KUNGOJA SAMANI ZA KUAGIZA

Wananchi na watumishi wa umma wanaoagiza vitanda, makabati na milango kwa maseremala wa Tanga wanakumbushwa kuwa ugomvi wa mteja na fundi mara nyingi huanza siku ya kupatana, wala si siku ya kuchelewa.

Chukua mfano huu. Mkaazi wa Pemba anatoa arubuni mwezi wa Shaabani kwa kitanda cha harusi ya Mfunguo Mosi. Seremala anasema, "Wiki sita." Mteja anahesabu tangu siku aliyotoa fedha, seremala anahesabu tangu siku atakayopata mbao kavu. Hakuna aliyesema uongo, lakini siku ya harusi kitanda hakipo.

Muda wa samani una sehemu tatu:

1. Mbao. Msaji hupatikana katika shamba la miti la Longuza, wilayani Muheza. Mti uliokatwa karibuni huweza kubeba maji yanayozidi nusu ya uzito wa mbao yake ikiwa kavu. Hewa ya pwani ina unyevu, hivyo ukaushaji huenda polepole, hasa wakati wa masika, Machi hadi Mei. Tena ubao wa inchi 2 huhitaji muda unaozidi mara mbili ya ule wa inchi 1. Mbao mbichi ikitumiwa kwa haraka, maungo hulegea na milango ya kabati hupinda.

2. Kazi ya mikono. Kupasua, kupiga randa, kuunga, kutia nakshi na kupiga msasa hufuatana. Kila mkono wa vanishi sharti ukauke kabla ya mwingine. Aidha, kazi za wateja waliotangulia hutangulia.

3. Safari. Baina ya Tanga na Pemba upo mlango wa bahari. Kusi likivuma kwa nguvu katikati ya mwaka, chombo huweza kuahirisha safari. Siku hizo zisihesabiwe kuwa za seremala.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mikataba (Sura 345) inaelekeza kuwa ahadi isiyotajwa siku itekelezwe ndani ya muda wa kuridhisha, na muda huo hutazamwa kulingana na hali ya kila jambo. Hivyo kauli ya "karibuni tu" haimlindi mteja wala fundi.

Kabla ya kutoa arubuni, yaandikwe haya na pande zote mbili zitie saini:

(a) aina ya mbao, na kama ipo tayari na imekauka;
(b) siku ya kuanza kuhesabu na siku ya kukabidhi;
(c) mahali pa kukabidhi: karakanani, bandarini au nyumbani;
(d) fedha zilizotolewa, zilizobaki, na hatua itakayofuata siku ikipita.

Ahadi ni deni, na deni hudaiwa kwa urahisi likiwa na tarehe yake.