Picha za Usiku kwa Simu: Anza na Shata, ISO Ifuate

Baada ya magharibi, bustani ya Forodhani pale Mji Mkongwe, Unguja, hujaa meza za chakula zenye taa, moshi wa mishkaki na watu wanaozunguka na bakuli za urojo. Ni mahali pazuri mno pa kupiga picha, na ndipo simu ikiachiwa iamue yenyewe huharibu picha nyingi. Uso wa muuzaji hutoka laini kama umepakwa nta, balbu iliyo juu yake hugeuka doa jeupe, na anga la usiku huwa la kijivu. Simu hujitahidi kuipa kila sehemu mwanga wa kutosha, hata ile iliyopendeza kwa sababu ya giza lake.

Fungua kamera, utafute sehemu iliyoandikwa Pro. Simu nyingi za Android zinayo. Kama yako haina, pakua Open Camera, programu ya bure, ingawa itakachokupa hutegemea simu yenyewe. Kamera ya iPhone haina sehemu ya namna hiyo, hivyo wenye iPhone hutumia programu kama Halide. Kabla ya yote, futa lenzi kwa kitambaa safi. Mafuta ya vidole na moshi wa jiko hufanya kila taa izungukwe na ukungu, na hakuna namba itakayouondoa.

Kitundu cha lenzi kwenye karibu simu zote hakibadiliki, kwa hiyo kazi kubwa imebaki kwa vitu viwili. Shata ni muda ambao kamera inapokea mwanga. ISO ni kiasi ambacho simu inaukuza mwanga huo ukishaingia. Shata ikikaa wazi muda mrefu, kinachosogea huacha mkia. ISO ikipanda sana, picha hujaa chenga. Viwili hivi hufidiana: ukiongeza muda wa shata mara mbili, punguza ISO nusu, na mwangaza utabaki uleule. Kwa mfano, 1/60 ya sekunde na ISO 1600 ni sawa na 1/30 na ISO 800, au 1/15 na ISO 400.

Watu wengi huanza kwa kushusha ISO kwa kuogopa chenga. Ushauri wangu ni kinyume chake: chagua shata kwanza. Chenga zinapunguzwa wakati wa kuhariri, lakini uso uliotikisika hauna dawa. Tazama mbele yako ujiulize ni nini kinachosogea. Anayetandaza na kukunja unga wa Zanzibar pizza ana mikono myepesi. Mpe 1/100 na uiache ISO ipande hadi 1600, hata zaidi. Akitulia kukutazama, 1/50 inatosha. Pweza na kamba waliopangwa mezani hawaendi popote, kinachotikisika hapo ni mkono wako tu. Bana viwiko mbavuni au egemea ukuta, ushuke hadi 1/15 na ISO 200 au 400. Ukitaka kuta za Ngome Kongwe ng'ambo ya barabara, weka simu kwenye stendi, ISO 50 au 100, shata sekunde 2 hadi 4, na tumia kihesabu cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise simu. Wapita njia watageuka kivuli hafifu, na mimi naona hilo linaipamba picha.

Vijana wanaojirusha baharini kutoka ukuta wa bustani ni habari nyingine. Kuwagandisha hewani kunahitaji kama 1/500, na shata hiyo inataka mwanga wa jioni, kabla jua halijapotea. Kwetu karibu na ikweta machweo ni mafupi. Jua likishazama, una kama nusu saa tu ambayo anga bado ni la buluu na taa zimeshawaka. Kwa picha za meza, huo ndio wakati bora kuliko wote, uwahi.

Sikuchagua 1/100 na 1/50 kwa kubahatisha. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na taa nyingi za bei nafuu humetameta mara 100 kwa sekunde bila macho yetu kuona. Shata isiyopatana nazo huweza kuchora michirizi myeusi kwenye picha. Msomaji uliyeko Marekani au Kanada, ambako umeme ni wa 60 Hz, tumia 1/120 na 1/60.

Alama ya WB hurekebisha rangi. Ukiiacha ijiamulie, meza moja itatoka ya njano na ya jirani ya buluu. Iweke karibu na 3000 kwa balbu za njano, au 5000 kwa taa nyeupe, ukifuata taa inayoangaza uso wa mtu. Usiisafishe njano yote. Moto wa makaa ubaki mwekundu. Flashi izime kabisa, kwa kuwa huua rangi ya mahali penyewe. Usivute karibu kwa vidole, sogea kwa miguu ukitumia lenzi kuu. Gizani simu ikihangaika kutafuta fokasi, gusa ukingo wa kitu kilichopigwa na taa, au tumia MF, yaani fokasi ya mkono, na uburute taratibu mpaka kitu kikae sawa.

Kwa nyuso zetu nyeusi, mwombe mtu ageuze uso kidogo upande wa taa, kisha upime mwanga kwenye shavu lililoangazwa. Balbu ikigeuka doa jeupe, acha igeuke. Uso ndio unaoupigia picha.

Ukienda, piga meza ileile kwa 1/100, 1/50 na 1/25, ukipunguza ISO nusu kila mara, kisha zikuze picha hizo kwenye kompyuta uzilinganishe. Na kabla hujamwelekezea muuzaji simu, mwombe ruhusa na ununue kitu kwake, maana yuko kazini.