Uyoga wa Kisukari: Mama Asiache Dawa

Wadogo zangu, leo tuongee habari ya uyoga. Mmoja wenu ameniandikia kuwa mama yake ana kisukari cha aina ya pili. Jirani kamletea kahawa ya uyoga na kopo la vidonge, akamwambia aachane na metformini, dawa yake ya hospitali, kwa kuwa "inaua figo". Mama keshaanza kuruka dozi.

Mdogo wangu, umefanya vyema kuuliza mapema.

Uyoga huo ni ule mgumu, mwekundu, unaong'aa kama mbao iliyopigwa vanishi. Wachina wanauita lingzhi, Wajapani reishi, na wameutumia kama dawa kwa karne nyingi. Mimi sina ugomvi na dawa za asili. Hata metformini ina nasaba na mmea wa Ulaya, Galega officinalis. Ila iliaminiwa baada ya kupimwa kwa wagonjwa, kazi ambayo daktari Mfaransa Jean Sterne alichapisha matokeo yake mwaka 1957.

Uyoga nao umepimwa. Mwaka 2004 yalitoka matokeo ya kutia moyo kutoka kwa wagonjwa 71 waliofuatiliwa kwa wiki 12. Lakini Sydney, Australia, watafiti walichukua watu 84 wenye kisukari na matatizo yanayoambatana nacho. Baadhi walipewa vidonge vya uyoga, gramu 3 kwa siku, wengine vidonge vya kufanana navyo visivyo na dawa ndani, na si mgonjwa wala mtafiti aliyejua nani kapata kipi. Baada ya wiki 16, sukari ya waliokunywa uyoga haikuwa nafuu kuliko ya wenzao. Matokeo hayo yalichapishwa 2016. Mwaka mmoja kabla, wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, walikusanya tafiti 5 zenye watu 398, wakasema ushahidi hauungi mkono kuutumia uyoga huu kutibu vihatarishi vya magonjwa ya moyo, ikiwemo sukari ya juu, kwa wenye kisukari cha aina ya pili.

Na figo je? Kinachoziharibu ni sukari kukaa juu miaka na miaka. Figo zikishadhoofika, daktari hupunguza metformini au huibadilisha. Ndiyo maana mama apimwe figo kliniki, asijikatie dozi mwenyewe.

Sasa fanya hivi. Chukua pakiti ya kahawa hiyo usome viungo nyuma: baadhi zimechanganywa na sukari na krima, na mama anazinywa akidhani ni tiba! Mpime sukari asubuhi kabla hajala, uandike kwenye daftari. Kliniki, omba kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, kwa sababu hicho hakidanganywi na mlo wa jana. Kopo nalo mwonyeshe daktari, hasa kama mama anatumia insulini au dawa za kuzuia damu kuganda.

Usimgombeze. Anatafuta nafuu, na kumeza vidonge kila siku kunachosha. Mwambie tu, "Mama, dawa ya hospitali tuendelee nayo, twende tukapime, kisha tuongee kwa majibu."

Anayekuuzia dawa ya kisukari mwulize: imepimwa kwa wagonjwa wangapi, kwa muda gani, na sukari yao ilishuka kiasi gani? Akikosa majibu, pesa yako irudishe mfukoni, na mama ameze dawa yake leo hii.