Daktari akikuuliza ulichomwa kisu wapi, mjibu

Msomaji, huenda ukashangaa kuona ukurasa wa afya ukizungumzia visu na wahuni, mambo ambayo kwa kawaida huyasoma katika kurasa za mbele. Lakini mtu akichomwa kisu usiku, mara nyingi wa kwanza kumwona si polisi bali ni daktari au muuguzi. Wengi wa wagonjwa hao hawapigi ripoti kamwe. Mmoja anamwogopa aliyemkata kwa kuwa ni jirani yake. Mwingine alikuwa amelewa na anaona haya. Mama mwenye jicho lililovimba atakuambia aligonga mlango.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika kliniki yangu hapa Nairobi, nilimshona kijana mmoja aliyekatwa mkono. Baada ya siku mbili nikamshona mama mchuuzi wa mboga, kichwani. Kisha akaja mlinzi aliyekuwa akirudi nyumbani alfajiri. Nilisafisha vidonda, nikadunga sindano ya pepopunda, nikaandika dawa na kupokea ada yangu. Ni mlinzi huyo aliyeniambia, bila kuulizwa, kwamba alivamiwa penye ngazi za daraja la wapita njia, mahali ambapo taa ilikuwa imekufa. Nilipowauliza wale wawili waliporudi kutolewa nyuzi, kila mmoja alinitajia ngazi zizo hizo. Kama watatu hao wangalikuja na kipindupindu, swali langu la kwanza lingalikuwa: mnachota maji wapi? Kwa kuwa walikuja na majeraha ya kisu, sikuuliza.

Kuna daktari aliyeuliza. Katika jiji la Cardiff, nchini Wales, mpasuaji wa uso na taya aitwaye Jonathan Shepherd aligundua kwamba sehemu kubwa ya watu waliotibiwa baada ya kupigwa hawakuwa katika vitabu vya polisi. Kuanzia miaka ya 1990 alishirikiana na polisi na baraza la jiji. Utaratibu wenyewe hauhitaji mashine wala fedha nyingi. Karani wa mapokezi katika idara ya dharura humwuliza mgonjwa: ni mahali gani hasa, siku gani na saa ngapi, na silaha gani ilitumika? Jina la mgonjwa huondolewa, kisha orodha hupelekwa kwa wanaohusika. Hivyo polisi wakajua wasimame wapi na saa ngapi. Baa zilizotajwa mara kwa mara zikafuatwa, na glasi zinazovunjika na kuwa silaha zikabadilishwa kwa za plastiki. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2011 katika jarida la BMJ la Uingereza: Cardiff ilipolinganishwa na miji mingine 14 inayofanana nayo, idadi ya waliolazwa hospitalini kwa sababu ya kushambuliwa ilionekana kupungua kwa asilimia 42.

Usiseme hayo ni ya Wazungu. Rodrigo Guerrero, daktari bingwa wa elimu ya kuenea kwa magonjwa, alikuwa meya wa Cali, nchini Kolombia, kuanzia mwaka wa 1992 hadi 1994. Jiji lake lilikuwa na mauaji mengi kuliko tunayoyajua sisi. Alipopanga vifo hivyo kwa tarehe, alikuta vimerundikana mwishoni mwa juma, sikukuu, na siku zinazofuata mishahara. Akazuia watu kubeba bunduki siku hizo, hata wenye leseni, na kupunguza saa za kuuza pombe. Watafiti waliochunguza baadaye walikuta kwamba siku za marufuku ya bunduki zilikuwa na mauaji machache kwa asilimia 14.

Sisi tulio katika kliniki za mitaani tunaijua vizuri wikendi ya mwisho wa mwezi. Sindano na nyuzi huisha. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka wa 2010 iliweka saa za baa, saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, lakini wewe na mimi tunajua mlango wa nyuma wa baa hufunguliwa saa ngapi.

Basi ukijeruhiwa, mweleze daktari ukweli: mahali, saa, silaha. Hayo ni siri yako na yake. Ukipiga ripoti polisi, utapewa fomu ya P3 bila malipo ili daktari aijaze. Aliyenajisiwa asingoje fomu yoyote. Afike hospitalini upesi, kabla ya saa 72 kupita, apewe dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Kisu kikiwa bado kimekwama mwilini, usikichomoe. Funga kitambaa safi kukizunguka, bana sana panapotoka damu, na umkimbize mgonjwa hospitalini.

Katika mkutano wa nyumba kumi, badala ya kulalamika tu kwamba usalama umezorota, andikeni kwenye karatasi moja ni wapi na saa ngapi watu waliumizwa tangu mwezi uliopita. Nasisitiza: orodha hiyo ni ya mahali, si ya watu. Nimeletewa vijana waliopigwa mawe kwa kudhaniwa wezi, na mmoja wao alikufa mikononi mwangu kabla hatujapata gari. Huyo naye ni mgonjwa wa maradhi haya haya.

Kuhusu lile daraja, tulimwendea chifu mara tatu, mimi, mwenyekiti wa wakazi na yule mama wa mboga, tukiwa na tarehe na saa kwenye karatasi. Mara mbili za kwanza tuliambiwa tusubiri. Taa iliwekwa baada ya miezi minne, na katika kipindi hicho nilishona watu wengine wawili. Tangu iwake sijampokea majeruhi kutoka ngazi hizo, ingawa siwezi kudai ni taa peke yake, kwa maana askari wa doria pia walianza kupita hapo. Mama huyo bado anauza mboga palepale. Zamani alikuwa akifunga saa kumi na mbili jioni. Siku hizi hufunga saa mbili usiku.