Kompyuta Ndogo ya Michezo kwa Gharama Nafuu

Kazi mbili za kompyuta ya michezo

Kompyuta inayochezesha michezo ya picha ina kazi kuu mbili. Kwanza, hukokotoa: mpira umefika wapi, gari limegonga nini, mchezaji amebakiwa na nguvu kiasi gani. Pili, huchora: matokeo ya hesabu hizo hugeuzwa kuwa picha katika skrini, na picha hiyo haina budi kubadilishwa upesi ili jicho lione mwendo usiokatika. Ikiwa picha 60 zinachorwa kila sekunde, basi kila picha ina muda wa milisekunde 16.7 tu wa kukamilika.

Katika kompyuta kubwa za gharama, kila kazi hupewa kipande chake. Prosesa kuu hukokotoa, na kadi ya picha, yenye prosesa na kumbukumbu yake yenyewe, huchora. Mpango huo hufanya kazi vizuri, lakini unadai fedha, nafasi na umeme mwingi. Mwanafunzi au shule yenye fedha kidogo hulazimika kufuata njia nyingine, yaani kukipa kipande kimoja kazi zote mbili.

Kushirikisha hivyo hupunguza bei na ukubwa kwa pamoja. Hata hivyo, panaposhirikishwa kitu, pana foleni. Mjenzi anayejua foleni hiyo iko wapi hupata mashine inayomfaa kwa miaka mingi, ya kuchezea na ya kujifunzia. Asiyejua aghalabu hununua mara mbili, na ndipo yanapotimia maneno ya wahenga: rahisi ghali.

Mfano wa mwaka 1981

Njia hii ina historia ndefu. Mwezi Machi 1981, kampuni ya Sinclair Research ya Cambridge, Uingereza, ilianza kuuza kompyuta ndogo iliyoitwa ZX81. Iliyokwisha kuungwa iliuzwa kwa paundi 69.95, mnunuzi aliyekubali kuchukua vipuri na kuvilehemu mwenyewe alilipa paundi 49.95. Upana na urefu wa kisanduku chake ulikaribia sentimita 17 kila mmoja. Skrini yake ilikuwa televisheni ya nyumbani, na programu zake zilihifadhiwa katika kaseti za kawaida za muziki.

Bei hiyo ilipatikana kwa kuunganisha. Kompyuta iliyoitangulia, ZX80 ya mwaka 1980, ilikuwa na chipu 21. Katika ZX81, kazi ya chipu 18 kati ya hizo iliingizwa katika chipu moja iliyotengenezwa na kampuni ya Ferranti. Vipande vilipopungua, bodi ikawa ndogo, kazi ya kuunga ikawa fupi, na bei ikashuka. Zaidi ya kompyuta 1,500,000 za aina hiyo ziliuzwa.

Lakini foleni ilikuwapo. Prosesa moja ilikokotoa na pia kusaidia kuchora. Mtumiaji alipotaka picha ibaki katika skrini wakati programu ikiendelea, sehemu kubwa ya wakati wa prosesa ilitumika kutunza picha. Alipochagua hali ya kasi, programu ilikwenda karibu mara nne zaidi, lakini skrini ilikuwa tupu mpaka hesabu ziishe. Kumbukumbu nayo ilishirikishwa. Ilikuwa na baiti 1,024 tu, na skrini iliyojaa herufi, yaani mistari 24 ya herufi 32, ilikula baiti 768 na zaidi. Pamoja na dhiki hiyo, David Horne aliandika mchezo wa sataranji wa baiti 672, uliochezeka katika kompyuta hiyo bila kuongezewa chochote. Aliweza kwa sababu alikijua vizuri kikomo cha mashine yake.

Njia ileile katika prosesa za sasa

Kanuni ya mwaka 1981 imerudi kwa kiwango kikubwa zaidi. Mfano mzuri ni prosesa iitwayo Ryzen 5 5600G ya kampuni ya AMD, iliyoanza kuuzwa madukani mwezi Agosti 2021 kwa bei iliyotangazwa ya dola 259. Ndani ya kipande hicho kimoja mna viini sita vya kukokotoa pamoja na prosesa ya picha. Mjenzi hahitaji kununua kadi ya picha. Kiwango cha umeme kilichowekewa prosesa hiyo ni wati 65.

Prosesa ya namna hiyo huwekwa katika bodi mama ndogo ya kipimo cha Mini-ITX, ambacho kilibuniwa na kampuni ya VIA mwaka 2001. Bodi hiyo ni mraba wenye milimita 170 kila upande, karibu sawa kabisa na eneo la ile ZX81. Pakiongezwa vijiti viwili vya kumbukumbu, diski ya aina ya SSD, kifaa cha kugawa umeme ambacho mafundi hukiita pawa saplai, na kisanduku cha lita 10 hivi, mashine imekamilika. Televisheni ya nyumbani yaweza tena kuwa skrini yake.

Hapa pana herufi moja inayostahili kuangaliwa. Prosesa iitwayo Ryzen 5 5600, bila herufi G, haina sehemu ya kuchora. Mtu akiinunua bila kadi ya picha, kompyuta yake itawaka bila kuonyesha kitu. Kadhalika, bodi mama iliyotengenezwa kabla ya prosesa kutoka huenda isiitambue mpaka programu yake ya ndani, iitwayo BIOS, ifanywe upya. Mambo haya mawili huulizwa kabla fedha hazijatolewa.

Foleni ya kumbukumbu

Kadi ya picha huwa na kumbukumbu yake. Prosesa iliyounganishwa haina; sehemu yake ya kuchora hukopa kumbukumbu ileile inayotumiwa na sehemu ya kukokotoa. Hivyo, kasi ya kupitisha data kati ya prosesa na kumbukumbu ndiyo hutawala mwendo wa michezo.

Kasi hiyo hukokotolewa kwa urahisi. Kijiti cha kumbukumbu cha aina ya DDR4-3200 hupitisha data mara milioni 3,200 kwa sekunde, na kila mara hupitisha baiti 8:

3,200,000,000 × 8 = baiti 25,600,000,000 kwa sekunde, yaani gigabaiti 25.6.

Vijiti viwili vinavyofanya kazi sambamba hupitisha gigabaiti 51.2. Kwa kulinganisha, kadi ya picha GTX 1650 ya mwaka 2019, yenye kumbukumbu ya GDDR5, hupitisha gigabaiti 128 kwa sekunde kwa ajili ya kuchora peke yake.

Funzo ni wazi. Gigabaiti 16 katika kijiti kimoja na gigabaiti 16 katika vijiti viwili vya gigabaiti 8 ni kiasi kilekile, lakini njia ya pili ni pana mara mbili. Anayenunua kijiti kimoja kwa nia ya kuokoa fedha kidogo huinyima sehemu ya kuchora nusu ya njia yake. Kwa hiyo, fedha ikipungua, yafaa kupunguza ukubwa wa diski au urembo wa kisanduku kabla ya kugusa vijiti hivyo viwili.

Njia ya pili ya kupunguza foleni haina gharama: kupunguza pikseli. Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Mchezo ukichorwa kwa 1280 kwa 720, pikseli ni 921,600 tu. Kazi ya kuzichora hupungua kwa kigawe cha 2.25. Michezo mepesi na ya zamani huchezeka vizuri kwa kipimo kikubwa. Ile mizito hutaka kipimo kidogo, na mingine mizito sana haifai kwa mashine hii. Ni afadhali jambo hilo lijulikane mapema.

Joto katika kisanduku kidogo

Karibu umeme wote unaoingia katika kompyuta hugeuka kuwa joto. Hebu ichukuliwe kwamba vipande vya ndani vinatumia wati 100 wakati wa mchezo, na kwamba hewa itokayo isizidi iingiayo kwa zaidi ya digrii 10. Mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.2 hivi, na kilo moja ya hewa huhitaji jouli 1,000 hivi ili jotoridi lake lipande digrii moja. Basi:

Hewa inayohitajika = 100 ÷ (1.2 × 1,000 × 10) = mita za ujazo 0.0083 kwa sekunde.

Hizo ni lita 8.3. Kisanduku cha lita 10 hakina budi kubadilisha hewa yake yote kila baada ya sekunde 1.2. Katika chumba chenye digrii 32, kama ilivyo kawaida katika miji ya pwani, hewa itatoka na digrii 42. Bado ni salama, kwa kuwa kikomo cha prosesa iliyotajwa ni digrii 95. Lakini matundu yakizibwa kwa vumbi au kisanduku kikisukumwa ukutani, jotoridi hupanda. Prosesa hujilinda kwa kupunguza kasi, na mchezaji huona picha zikikwama bila kujua sababu. Feni moja inayoingiza hewa, nyingine inayoitoa, na brashi ya kufutia vumbi ni vitu vya bei ndogo vyenye faida kubwa.

Umeme na usalama

Pawa saplai ndicho kipande ambacho wengi hukidharau. Ikiwa ufanisi wake ni asilimia 85, vipande vinavyohitaji wati 100 huvuta wati 118 hivi kutoka ukutani. Kompyuta ikitumika saa 3 kwa siku, kwa siku 30 itatumia uniti 10.6 za umeme.

Kifaa hafifu kisicho na kinga huweza kuunguza bodi mama na prosesa kwa pamoja umeme unapopanda ghafla. Kwa hiyo si mahali pa kubania fedha. Baadhi ya vifaa hivi huwa na swichi ya kuchagua volti 115 au 230. Kabla ya kuchomeka waya, ihakikishwe kuwa iko kwenye 230. Kifaa chenyewe kisifunguliwe kamwe, maana kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya umeme kukatwa.

Utaratibu wa kuunga

1. Gusa chuma kilichounganishwa na ardhi ili kuondoa umemetuli mwilini.
2. Linganisha alama ya pembetatu ya prosesa na ile ya bodi mama. Prosesa huingia kwa uzito wake yenyewe, isisukumwe.
3. Weka dawa ya kupitisha joto, kiasi cha punje ya dengu, kisha funga kipoza joto na feni yake. Kama kipoza joto kina dawa tayari, usiongeze nyingine.
4. Ingiza vijiti viwili vya kumbukumbu, kisha diski.
5. Unganisha pawa saplai na ujaribu kuwasha kabla ya kufunga vyote katika kisanduku.
6. Fungua BIOS na uthibitishe kasi ya kumbukumbu. Mara nyingi kijiti cha 3200 huanza kwa kasi ndogo mpaka mtumiaji achague ile iliyoandikwa juu yake.

Maswali

1. Kadi ya picha ya wati 75 ikiongezwa katika kisanduku kilichoelezwa, ni lita ngapi za hewa zitahitajika kwa sekunde?
2. Kokotoa kasi ya kupitisha data ya vijiti viwili vya DDR4-2400. Ni asilimia ngapi ya kasi ya vijiti viwili vya DDR4-3200?
3. Eleza jinsi foleni ya prosesa ya ZX81 inavyofanana na foleni ya kumbukumbu ya 5600G, na jinsi zinavyotofautiana.