Somo la Kazi ya Mikono: Nguo Kuukuu ya Mtoto na Vazi la Mwanasesere

Mtoto hukua, lakini nguo yake haikui pamoja naye. Hana, mamaye Samweli, alimshonea mwanawe kanzu ndogo mwaka kwa mwaka. Nasi katika nyumba zetu za Rungwe tunavyo vinguo vilivyokwisha kuwa vidogo. Somo hili latufundisha kuvitumia vema, na kumzoeza mtoto sindano kwa kazi iliyo kadiri ya mikono yake.

1. Mtoto kwanza, mwanasesere baadaye

Nchi yetu ni ya baridi. Tukuyu imeinuka zaidi ya meta 1,500 juu ya bahari, mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, na Juni na Julai baridi huuma. Basi nguo iwezayo bado kumtia mtoto joto isikatwe kwa ajili ya mchezo. Itiwe kiraka, apewe mdogo wake au mtoto wa jirani. Mwanasesere apate ile iliyochakaa magotini na viwikoni, isiyoweza tena kuvaliwa.

Tena liko jambo la kuangaliwa sana. Nguo ya mtoto aliyefariki isiguswe kwa mkasi mpaka mama yake ameitoa mwenyewe. Mama mmoja hufarijika akiona kitambaa kile kikishonwa upya. Mwingine huumia moyoni. Aulizwe kwa upole, na akikataa, asisumbuliwe tena.

2. Kazi hii si ya maskini tu

Huko Uingereza, kwa sababu ya Vita Kuu ya Pili, nguo ziliuzwa kwa kipimo tangu Juni 1941 hata Machi 1949. Mwaka 1943 serikali yao ilitoa kitabu cha kufundisha watu kutengeneza upya nguo kuukuu. Kwetu Tanzania, masharti ya biashara yalipolegezwa mwaka 1984, mitumba, ambayo wengine waliiita "kafa Ulaya", ilizidi masokoni. Kitu kipatikanacho kwa urahisi hutupwa kwa urahisi. Ndiyo sababu ufundi wa kiraka unafifia.

3. Kuchagua na kupima

Fua nguo kwanza, ianike juani, uipige pasi, isije ikaruka au kuchuja rangi baada ya kushonwa. Kisha iinue mbele ya mwanga: penye kuonyesha upande wa pili pamekwisha. Mara nyingi mgongo wa shati na sehemu ya chini ya gauni ndizo zilizo imara.

Pima mwanasesere kwa uzi: kifua kwa kuzunguka, kisha urefu toka shingo hata goti. Kama kifua ni sentimeta 20, ongeza 2 za nafasi, 2 za mishono ya ubavuni, na 3 za kupinda na kupishanisha mgongoni, jumla 27. Mgongo uachwe wazi kutoka juu hata chini, kwa maana kichwa cha mwanasesere ni kikubwa kuliko mabega yake, wala nguo haitapita.

4. Kukata na kushona

Kata mfano wa karatasi, uuweke juu ya kitambaa, na upindo wa zamani uwe upindo wa gauni jipya. Hivyo kazi nusu imekwisha kufanywa na aliyeshona kwanza. Shikiza kwa mishono mirefu, ujaribu, ndipo ushone kwa mishono midogo ya kurudi nyuma, ili isifumuke.

Kila sehemu ina faida yake:
Mkono mfupi wa shati huwa sketi. Pinda ukingo uliokatwa, upitishe lastiki.
Shingo ya soksi huwa sweta; toboa matundu mawili ya mikono na kuyashona kingo.
Mfuko wa suruali huwa mkoba.
Vipande vilivyobaki hujazwa tumboni mwa mwanasesere.

Vifungo visitiwe katika vazi la mwanasesere wa mtoto mdogo, kwa maana akimeza kimoja chaweza kumziba pumzi. Shona vigwe vifupi badala yake. Sindano zihesabiwe kabla ya kazi na baada yake.

5. Faida yake

Mtoto aliyeshona gauni la urefu wa shibiri ameshika mambo yote ya gauni kubwa: kipimo, mfano, mshono na upindo. Akikosea, hasara ni kitambaa kidogo tu. Wavulana nao wafundishwe, kwa maana mafundi cherehani wengi ni wanaume. Wale wenye mwanasesere wa gunzi la hindi au wa majani makavu ya mgomba wasidharauliwe. Nao pia huvikwa.

Maswali ya kujifunzia

1. Ni nguo zipi zisizofaa kukatwa, na kwa nini?
2. Kifua cha mwanasesere kikiwa sentimeta 16, kitambaa kiwe na upana gani?
3. Katika mtaa wetu, ni mtoto gani anayehitaji nguo kabla hatujamvika mwanasesere?